Moto Siku ya Mvua



Mtu aliyezaliwa katika milima ya Masisi hukua akidhani ya kuwa moto haupotei. Usiku mama hufukia makaa kwa majivu, na asubuhi huyakuta yangali hai. Yakifa, mtoto hutumwa kwa jirani na kigae, akarudi na kaa jingine. Nasi ndivyo tulivyolelewa, hata siku moja tukajikuta mahali pasipo jirani wala majivu.

Ilikuwa mwaka 2012, vita vilipotutoa nyumbani. Tulikuwa watu tisa wa nyumba mbili, tukapita Nyabiondo na kushuka kwa miguu upande wa Walikale. Kwetu juu ni malisho ya ng'ombe na mikaratusi, na upepo hukausha kuni upesi. Walakini kadiri mtu ashukavyo, malisho huisha na msitu mkubwa huanza, ambamo jua haligusi ardhi na kila kitu ni chepechepe. Siku ya pili mvua ilitunyeshea tangu adhuhuri hata jioni. Tulikuwa na mtoto wa miezi minne. Giza lilipoingia, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kilio chake kilikuwa kinafifia. Kila mzazi ajua ya kwamba mtoto aliyeshikwa na baridi akinyamaza, hiyo si nafuu.

Katika mfuko wa koti tulikuwa na kiberiti cha njiti. Kilikuwa kimelowa. Njiti za namna hii haziwaki popote: zahitaji dawa iliyopakwa ubavuni mwa kisanduku, yaani fosforasi nyekundu. Ufundi huo ulianza Uswidi mwaka 1844, nao ni mwema, maana huwakinga watu na moto wa bahati mbaya. Lakini ubavu ule ukilainika kwa maji, hata njiti hamsini hazina kazi.

Kijana mmoja wetu alikuwa na kiberiti cha gesi. Alipangusa gurudumu lake, akalipuliza, akajaribu mara nyingi, na mwisho mwali ukatokea. Tukashangilia mapema mno. Tuliutia chini ya rundo la matawi tuliyookota ardhini. Ukatoka moshi, kisha mvuke, kisha basi. Tukarudia, tukarudia tena, hata kijana akaungua kidole gumba, na mwali ukawa mdogo kama punje ya mahindi.

Mzee mmoja Mnyanga, aliyefuatana nasi tangu mchana, alikuwa ameketi kimya chini ya mti akitutazama. Akasema, "Wanangu, zimeni hicho. Mnawasha maji."

Tukamjibu, "Baba, tufanyeje? Mtoto anatuponyoka."

"Moto mnao," akasema. "Chakula chake ndicho mmekosa. Nipeni panga."

Hakuokota kitu ardhini. Alitafuta tawi lililokufa likabaki limening'inia mtini, akalipiga kwa panga na kusikiliza mlio wake. Akalipasua katikati. Nje palikuwa pamelowa, lakini moyo wa mti ulikuwa mkavu na mweupe. Akauchonga vipande vyembamba kama majani ya kitunguu, akavipanga kwa unene: vya kwanza kama sindano, vya pili kama kalamu, vya tatu kama kidole. Akatandika vijiti chini ili moto usilale juu ya matope, akatuamuru kushika jani la mgomba mwitu juu yake. Ndipo akatoa mfukoni donge lililofungwa katika jani. Lilikuwa utomvu wa mpafu, ule mti mkubwa wa msitu ambao utomvu wake hunukia kama ubani. Kijana akawasha mara moja tu. Utomvu ukashika, ukawaka kwa moshi mweusi, usijali unyevu wowote. Kabla ya muda mrefu tulikuwa tukimpasha mtoto joto kifuani mwa mama yake, na nguo kavu tulizozianika juu ya moto zikamzunguka.

Tangu usiku ule tumeulizwa mara nyingi, "Ni kiberiti gani cha kuaminiwa safarini?" Twajibu kama tulivyojifunza. Njiti ni rahisi, nazo zafaa zikitiwa ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na ubavu wa kisanduku chake. Kiberiti cha gesi kimezidi, maana kikilowa hukauka. Na hata gesi ikiisha, kingali kinatoa cheche, ambazo pamba kavu yaweza kuzipokea. Wasafiri wa porini huko Ulaya na Marekani husifu kijiti cha chuma cha cheche, ambacho Carl Auer von Welsbach wa Austria alikibuni mwaka 1903. Hicho hakiogopi maji. Chuma chake ndicho kile kile kilichomo, katika kipande kidogo, chini ya gurudumu la kiberiti chetu cha gesi. Na kupekecha vijiti viwili, kama wazee walivyofanya, ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini wataka vijiti vikavu na mikono yenye nguvu, na wakati wa mvua hukosekana vyote viwili. Kwa hiyo watu wa msitu hawakupenda kuanza upya kila jioni. Wambuti wa Ituri walijulikana kwa kuchukua kaa hai safarini, limefungwa katika majani.

Basi ushauri wetu ni huu. Beba njia mbili za kuwasha, kila moja mahali pake, wala usitie zote katika mfuko mmoja. Zaidi ya hayo, beba kitu kikavu cha kupokea moto: utomvu wa mpafu, au kipande cha mshumaa, au ukanda wa mpira wa gurudumu la chukudu. Mpira huwaka hata ukilowa, lakini moshi wake ni mbaya. Uutumie kuanzishia tu, wala usiupikie chakula. Petroli usiimwage motoni kamwe. Wala usiwashe moto ndani ya kibanda cha turubai, maana turubai hushika upesi kuliko kuni.

Nanyi wanafunzi, msijaribu mambo haya siku ya jua, maana siku ya jua kila mtu ni fundi. Ngojeni mvua ikatike, mwende nyuma ya nyumba pamoja na mtu mzima, mtafute kuni kavu ndani ya kuni mbichi.

Mzee yule tuliagana naye Walikale, wala hatujaonana tena. Donge lake la utomvu lilikuwa limebaki nusu, akatuachia. Leo tunalo kopo dogo lenye kifuniko, ndani yake njiti, kiberiti cha gesi, mshumaa na utomvu. Mtoto wa usiku ule sasa anasoma shule ya sekondari. Ndiye tuliyemkabidhi kopo, na kila mwanzo wa masika hulifungua na kutazama kama limeingia maji.