Lenzi na Haki ya Kipimo

Jicho ni shahidi mwema, lakini si mizani. Mtu asimamaye katikati ya reli huiona mikono yake miwili ikikaribiana kwa mbali kana kwamba itakutana; treni huja ikapita salama, na jicho halitubu. Lenzi ya kawaida imerithi tabia hiyo. Hupokea miale itokayo pembe mbalimbali, ikaikusanya penye kitundu chake. Kwa hiyo kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Katika picha ya mlima au ya uso wa mtu jambo hili si aibu, maana ndilo lionyeshalo umbali.

Kiwandani tabia hiyo hugeuka dhuluma. Parafujo yenye upana wa milimita 10 hupimwa na kamera iliyo umbali wa milimita 200. Ikisogea mbele milimita 10 tu, taswira yake hukua kwa zaidi ya asilimia 5. Parafujo njema husomwa kuwa na upana wa milimita 10.5, ikatupwa, na hali chuma hakikuongezeka hata chembe.

Lenzi ya telesentriki huondoa kosa hilo. Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena huko Ujerumani, alilieleza wazo lake katika karne ya 19. Kitundu cha nuru huwekwa mahali ambapo miale sambamba hukutana baada ya kupita kioo cha mbele. Basi kila nukta ya kitu huwakilishwa na mwale utokao sambamba na mhimili wa lenzi. Kitu kikisogea kidogo, ukingo wa taswira waweza kufifia, lakini ukubwa wake haubadiliki. Shimo refu likitazamwa kwa lenzi ya kawaida huonyesha kuta zake za ndani. Kwa lenzi hii huonyesha mdomo wake tu.

Uadilifu huo una gharama. Kioo cha mbele sharti kiwe kipana angalau kama kitu kinachopimwa. Kwa hiyo lenzi huwa nzito na ghali, wala haifai kupigia picha ya nyumba. Tena haisemi kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Lenzi moja huarifu umbali, ya pili huarifu ukubwa. Zote mbili husema kweli. Kosa ni la mpimaji aiulizaye moja swali la mwenziwe.