Mdomo Usiotaka Kuguswa

Mjukuu wangu ana miaka saba. Hapa Utemini majirani wengi wanamjua kwa kilio chake cha asubuhi. Akiuona mswaki huziba masikio kwanza, halafu ndipo hufumba mdomo. Ni hayo masikio yaliyonifikirisha. Mtoto anayedeka tu, masikio atayaziba ya nini? Nikaja kufahamu kwamba mswaki unapokwangua meno yake, yeye husikia mngurumo kichwani, kama mtu aliyesimamishwa kando ya mashine ya kukamua alizeti. Nayo dawa ya meno, ambayo mimi huiona baridi, kwake ni pilipili.

"Mama, huyo dawa yake ni fimbo," waliniambia. Fimbo haifundishi ngozi. Mmarekani mmoja, A. Jean Ayres, aliandika kitabu mwaka 1972 juu ya watoto ambao ubongo wao hupokea mguso, sauti na ladha kwa namna isiyo ya kawaida. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu baadhi ya maelezo yake, lakini mtoto anayeungua mdomo hawezi kungoja wamalize.

Jambo lenyewe si dogo. Mwaka jana gego lake moja lilioza, na watu wazima watatu wakamshikilia ili ling'olewe. Tangu hapo hata kijiko alikitazama kwa shaka. Sitaki ashikiliwe tena namna ile.

Tena sisi wa Singida tuna la ziada. Visima kadhaa vya mkoa huu vina floraidi nyingi, nayo ikizidi katika maji anayokunywa mtoto, meno huota na madoa ya kahawia. (Wako wanaoyasugua kwa nguvu wakidhani ni uchafu. Hayatoki.) Kwa hiyo mtoto asiyejua kutema, kama huyu wangu, hapaswi kumezeshwa dawa ya meno ovyo. Punje ya njegere yatosha.

Tulianzia mbali na mdomo. Humkalisha mbele yangu, kichwa chake kikiegemea kifua changu, nikamkandamiza mabega, kisha mashavu, kwa kiganja kizima. Mguso mwepesi humtekenya na kumuudhi, mzito humtuliza. Siku za kwanza mswaki uliloweshwa maji matupu, na aliushika mwenyewe. Kijiti cha mti alikikubali upesi zaidi, kwa kuwa hukitafuna apendavyo, wala hakina ladha ya dukani. Kisha huhesabu kwa sauti hadi kumi. Nikifika kumi, natoa mkono, hata kama limebaki jino moja tu. Hapo sina mzaha, kwa sababu siku nitakayoongeza kumi na moja kwa hila, hataniamini tena.

Meno ya mbele sasa yanasafishwa, na ya chini pia. Magego ya juu upande wa kushoto, karibu na lile pengo, bado hajaniruhusu. Juzi aliweka kidole chake mwenyewe pale, akakitoa, akanitazama.