Anayetoa jasho si mwenye kosa

Sikieni jambo lililonipata, nikaona haya.

Nina kompyuta ya Linux, yenye meza ya GNOME. Asubuhi moja nikaiwasha. Mara feni ikavuma kama mashini ya kusaga unga. Ikawa moto mikononi. Betri, iliyodumu saa nne siku zote, ikaisha kwa saa moja tu. Mpwa wangu alikuwa ameitumia juzi. Basi nikamwita, nikamgombeza mbele ya wenzake: «Wewe na michezo yako umeniharibia kompyuta!» Akanyamaza.

Nikafungua dirisha la amri, nikaandika «top». Amri hiyo inaonyesha kila programu na nguvu ya prosesa inayokula. Juu kabisa palikuwa gnome-shell, ndiyo inayoongoza meza yote: 280 kwa mia! Msishangae: top huhesabu kila kiini cha prosesa kuwa 100, na prosesa yangu ina viini vinne, basi mwisho wake ni 400. Nikasema: Mwizi nimemshika. Nikaondoa mapambo yote niliyoyaongeza katika GNOME, nikatoka, nikaingia tena. Bure. Nikakusudia kufuta vyote na kuanza upya.

Ndipo mpwa wangu akasema polepole: «Mjomba, kwanza tuulize ni nani anayechora picha.» Akaandika «glxinfo -B». Penye jina la mchoraji palikuwa neno llvmpipe. Kumbe! Llvmpipe maana yake kadi ya picha haifanyi kazi, na prosesa yenyewe inachora kila dirisha na kila kivuli. Gnome-shell haikuiba kitu. Ilikuwa inabeba mzigo wa mwenzake aliyelala.

Na nani aliyemlaza? Mimi. Usiku uliotangulia nilisasisha Linux, ikaingia kerneli mpya. Programu inayoongoza kadi ya picha ilikuwa imetengenezwa kwa kerneli ya zamani. Kwa ile mpya haikutengenezwa, wala sikusoma onyo lililoandikwa.

Tukaiwasha upya, na katika orodha ya GRUB tukachagua kerneli ya zamani. Feni ikanyamaza. Gnome-shell ikashuka hata 4 kwa mia. Baadaye tukaweka upya programu ya kadi, safari hii kwa kerneli mpya, na mpaka leo kuna amani.

Jioni niliwaita wale wenzake, nikamwomba mpwa wangu radhi mbele yao, kwa sababu mbele yao nilimwaibisha. Alicheka tu. Mimi sikucheka.

Ndugu msomaji, top itakuonyesha anayetoa jasho. Haitakuambia mzigo ni wa nani. Uliza hilo kwanza, kabla hujafuta kitu, na kabla hujamgombeza mtoto.