Mji Uliojengwa Kuzunguka Shule

Msafiri akitoka Washington, mji mkuu wa Marekani, akishika njia ya kaskazini-mashariki, baada ya kadiri ya maili 12 atafika Greenbelt, katika jimbo la Maryland. Ni mji mdogo, wakazi wake hawafiki 30,000. Twapenda kuwapeleka wasomaji wetu huko kwa sababu moja: waliouanzisha hawakujenga nyumba kwanza, kisha wakatafuta mahali pa kuiweka shule. Vyote vilipangwa pamoja.

Katika miaka ya 1930 kazi ziliadimika Marekani, na nyumba njema kwa watu wa kipato kidogo zilikuwa haba. Ndipo serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ilipoajiri maelfu ya wasio na kazi ili wajenge miji mitatu ya mfano, na huu ni mmoja wao. Jamaa za kwanza ziliingia mwaka 1937. Nyumba za mwanzo, 885 kwa jumla, zilipangwa kwa umbo la mwezi mwandamo, na shule na maduka vikawekwa katikati. Njia za miguu zapita kati ya nyumba. Na penye barabara ya magari, njia yapita chini yake, hata mtoto aweza kwenda shule pasipo kukutana na gari. Huenda wengine wataliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini mama aliyebaki nyumbani akisikiliza saa ya watoto kurudi, yeye hulihesabu kuwa kubwa.

Shule yenyewe haikufungwa watoto walipoondoka. Jioni watu wazima waliingia kufanya mikutano na kujifunza. Maktaba ilikuwa humo humo. Na Jumapili watu walikusanyika humo kwa ibada. Hivyo mji mchanga, usio na fedha ya kujenga majumba mengi, ulitumia jengo moja kwa kazi nyingi. Duka nalo likawa la ushirika. Wakazi wakaanzisha gazeti lao mwaka ule ule wa 1937, na hata leo latoka kila juma, likiendeshwa kwa ushirika. Mwaka 1939 bwawa la kuogelea likafunguliwa.

Walakini kuna neno lisilopasa kufichwa. Katika ukuta wa nje wa shule ile, Bibi Lenore Thomas alichonga mawe yenye kuonyesha utangulizi wa Katiba ya Marekani: kusimamisha haki, na kustawisha hali njema ya watu wote. Lakini watoto Weusi hawakuingia mlango ule. Watu Weusi walikuwamo kati ya mafundi na vibarua walioujenga mji, wala hapana hata mmoja wao aliyepewa nyumba, kwa kuwa serikali iliwawekea Wazungu tu. Wahenga wetu husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Je, asiyeruhusiwa kufungua, wema wa nyumba utamfaa nini?

Kizuizi hicho kiliondoka katika miongo iliyofuata, na siku hizi Weusi ndio kundi kubwa kupita makundi mengine mjini. Mwezi wa Novemba 2021 wakazi walipiga kura, wakakubali baraza liundwe kuchunguza fidia kwa Weusi na kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Jengo la shule ya kwanza nalo, tangu mwaka 1995, ni nyumba ya mikutano na ya mafunzo ya ufundi kwa wakazi wote.

Basi, wazazi na walimu, tunapokusanya mawe na bati ili tujenge shule yetu, yafaa tuulize mambo mawili mapema. La kwanza: jengo hili litafanya kazi gani watoto wakiisha kwenda nyumbani? La pili, lililo zito zaidi: katika walioshiriki kubeba mawe, yuko nani ambaye mtoto wake hatapata nafasi ndani?