Malindi ya Unguja, na Gari Lisilojua Kusema Uwongo

Ukipanda boti ya Dar es Salaam asubuhi, saa mbili hivi baadaye utauona mji wa Unguja ukiinuka baharini. Minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu utaiona kwanza nyuma ya mapaa ya nyumba, kisha maghala, kisha gati. Pale unaposhuka, upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe, ndipo Malindi. Usiichanganye na Malindi ya Kenya alikofika Vasco da Gama. Hii ni mtaa tu, lakini ni mtaa wenye kelele na shughuli kuliko miji mingi ya bara.

Ukitoka bandarini pua yako itajua kwanza, maana soko la samaki liko karibu. Wachukuzi watakupigia kelele uwapishe na magari yao ya mikono. Ndani kidogo kuna Msikiti wa Malindi, wenye mnara wa duara, mpana chini na mwembamba juu. Minara ya namna hiyo ni michache sana katika pwani yetu, basi simama uutazame. Gati lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa ufukoni kwa mashua. Njia za ndani ni nyembamba mno, motokaa haipiti. Kwa hiyo magari yote hubaki kando kando, barabara ya Mizingani na njia iendayo Darajani, na huko ndiko ninakotaka kukupeleka leo.

Tuseme ninyi jamaa kumi na wawili wa kijiji kimoja mmechanga fedha za mavuno mawili. Mnataka gari la kubebea mgonjwa wakati wa masika, la kupeleka ndizi na mihogo sokoni, na la kuchukulia mabati ya darasa. Njia yenu ni tope na mawe, basi gari la kawaida halifai; yawapasa kupata lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jipya hamliwezi. Mtanunua lililotumika, nalo yamkini limetoka Japani, kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi. Fedha hizo zikipotea hazirudi, na mgonjwa wa mwakani atabebwa tena kwa machela.

Dalali atakuja kwa adabu zote za Kiunguja. “Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Gari hili halijaguswa spana tangu litoke meli.” Mwitikie marahaba, umshukuru, wala usimwamini. Gari la miaka ishirini lisiloguswa spana ndilo la kuogopa! Lile lililotengenezwa mara nyingi, nawe ukajua limetengenezwa nini na lini, ni afadhali mara kumi. Kazi yako ni kuiuliza motokaa yenyewe. Nayo itajibu, ukijua pa kutazama.

Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo ya mlango. Kisha fungua boneti, utazame upande wake wa ndani na vifuniko vya injini. Mafundi wa Japani wana desturi njema: wakibadili oili au mkanda wa taimingi, hubandika kikaratasi chenye tarehe na kilomita. Herufi zao hutazisoma, lakini tarakimu ni zile zile ulizofundishwa shuleni. Tuseme umeona 21, kisha 5, kisha 10, na chini yake 98,300. Huo ni mwaka wa 21, mwezi wa tano, tarehe 10. Usishangae, maana Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, basi ongeza 1988 juu ya 21, utapata 2009. Enzi ya Reiwa ilianza tarehe 1 Mei 2019. Hiyo unaiongezea 2018. Sasa tazama dashibodi. Ikisema gari limekwenda kilomita 76,000 tu, nawe unajua mwaka 2009 lilikuwa limekwisha pita 98,000, hapana haja ya kugombana. Mwonyeshe dalali kikaratasi, unyamaze. Ukimya wako utashusha bei kuliko maneno.

Uulize pia kama lipo daftari la matengenezo, ambalo hukaa katika kisanduku mbele ya abiria. Mara nyingi limetolewa. Likiwapo, shukuru. Japani gari la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na cheti cha kulitoa nchini huandikwa kilomita zake. Mwuzaji mwaminifu atakuonyesha cheti hicho. Asiyekuwa nacho atakuambia kimo njiani.

Huo mkanda wa taimingi nao usiupuuze. Katika Toyota nyingi za dizeli ipo taa ndogo ya dashibodi yenye maneno T-BELT, huwaka kila kilomita 100,000 kuonya kwamba mkanda ubadilishwe. Fundi akisha kuubadili huirudisha mwanzo. Lakini wako watu wanaoizima taa tu, mkanda ukabaki ule ule mkuukuu. Siku ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini imekwisha. Basi kama hapana kikaratasi cha mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake uitoe katika bei.

Sasa tafuta kibao kidogo cha bati ndani ya boneti. Hapo kiwanda kimeandika aina ya gari, injini, namba ya chesisi na namba ya rangi. Kibao hiki ni kama cheti cha kuzaliwa. Land Cruiser iliyoandikwa HZJ75, kwa mfano, ilizaliwa na injini ya HZ. Ukikuta chini yake injini nyingine, basi moyo umebadilishwa. Si dhambi kubadili injini, maadamu kadi ya gari inasema hivyo na namba zinalingana. Kadhalika rangi: 040 ni nyeupe. Gari likiwa la kijani na kibao kinasema 040, uliza kwa nini lilipakwa upya. Huenda ni urembo tu, huenda lilibingirika. Tazama vioo pia. Vya kiwandani vina alama za namna moja. Kimoja kikiwa cha kabila lingine, ujue upande huo ulipata ajali au mwizi.

Chukua kipande cha sumaku ukifunge kitambaa, ukipitishe juu ya bodi. Pale kisipong'ang'ania pana puti nyingi chini ya rangi. (Kwa Land Rover ya zamani usijisumbue. Tangu ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi zake zilikuwa za aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na sumaku haishiki aluminiamu. Lakini chesisi yake ni chuma, nayo huliwa na kutu kama nyingine.)

Hapo kwenye kutu ndipo Malindi inapotufundisha zaidi. Simama ukutani mwa bandari utazame nondo na minyororo, uone chumvi inavyokula chuma. Gari lililokaa miaka kumi Unguja, likipita mchangani na kulala karibu na bahari, limekula chumvi hiyo hiyo. Hata lililotoka Japani jana huweza kuwa na kutu, maana sehemu zenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Lala chini, usione haya kuchafua kanzu. Ukiona chesisi imepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, ya kung'aa, usifurahi upesi. Igonge taratibu kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza, au kilichochomelewa kiraka, hutoa sauti nzito kama debe lenye mchanga.

Kisha mwombe dalali mwende penye mchanga laini. Kama gurudumu la mbele lina kitasa cha kuzungusha kwa mkono, kiweke mahali pa kufunga, uingize gia ya magurudumu manne, mwenzako asimame nje aangalie kama ya mbele yanavuta kweli. Magari mengi yamebaki na jina tu. Kitasa kimekufa, na mwenyewe hajui kwa kuwa anatembea lami siku zote. Wala usilijaribu kwa kukata kona kwenye lami kavu: magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa konani, na vyuma vitabanana.

Namba ya usajili ikianza na Z ni ya Zanzibar; za Bara huanza na T. Kama gari litavuka kwenda kijijini kwenu Bara, ulizeni ofisi ya mapato juu ya kodi na usajili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Limebaki jambo la injini yenyewe. Prado zenye injini ya 1KZ zinajulikana kwa hedi kupasuka zikipata moto kupita kiasi. Ufungue mfuniko wa oili: ukiona uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia ndani. Na gari bovu huwaka vizuri likiwa limekwisha pashwa moto, bali likiwa baridi hukohoa, hutoa moshi, huonyesha kila ugonjwa wake. Basi usinunue siku ile ile. Lala Malindi, ule samaki wako, na kesho yake urudi alfajiri kabla ya miadi. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta bati lina joto, mtu amekutangulia.