Ngitili haina mshahara

Hivi wewe ukiambiwa una msitu wako lakini usiuguse, na mwisho wa mwezi hupati hata senti, utakubali? Usicheke. Kwetu Shinyanga swali hilo limeigawa kaya yetu.

Tuna ngitili. Kwa watoto wa mjini wasiojua, hicho ni kipande cha ardhi ambacho Msukuma anakifunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti vikue. Anakifungua kiangazi, ng'ombe wakiwa wamebaki mbavu. Sasa kaka yangu yuko machimboni Geita. Huko duara linataka matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na mjini watu wanataka mkaa. "Dogo, ile ni hela imesimama tu," aliniambia. Mzee kagoma katakata.

Tusimwonee kaka, hoja anayo. Kule Marekani kuna mpango, tangu 1985, ambao serikali inamlipa mkulima kila mwaka, kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15, ili shamba linalomomonyoka alipumzishe chini ya nyasi au miti. Je, mzee wetu kalipwa nini?

Sikia upande wa pili. Enzi za mkoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, kisha pamba nayo ikadai nafasi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu, ngitili nyingi zikaachwa. Ardhi ikabaki kipara. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, Norway ikisaidia fedha. Mradi ule haukugawa mishahara. Ulileta miche na elimu, na ulinzi ukabaki kwa wananchi wenyewe: dagashida inapanga, sungusungu wanasimamia, mkaidi anapigwa faini. Ngitili zikatoka hekta kama 600 hadi zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Na malipo yapo, ila hayapitii benki. Utafiti uliotoka 2005 ulijumlisha kuni, nyasi, dawa, asali na miti ya kujengea, ukapata kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50 hivi. Umeona?

Tatizo ni nani anayezipata. Mwenye ng'ombe analisha, mama anapata kuni karibu. Kijana asiye na hata ndama anapata nini? Hapo ndipo shoka linaponolewa, na HASHI yenyewe iliisha 2004.

Mimi nimemwambia mzee hivi: mpe kaka sehemu yake. Atundike mizinga, asali iwe yake. Apunguze matawi na miti iliyobanana, auze nguzo chache, visiki viachwe vichipue. Mzee kanuna, lakini hajakataa. Kaka naye anasema asali haijazi mfuko kama dhahabu. Kweli, ila dhahabu ikishachimbwa hairudi, na mgomba usiomwagiwa maji hauzai. Kijana naye anataka kumwagiwa kidogo.

Ukoo unakaa kikao mwezi ujao. Nawe kijana mwenzangu, kama kwenu kuna ngitili, uliza mapema fungu lako ni lipi, kabla mwenye lori la mkaa hajakuuliza.