Hana Kadi ya Chama, Ana Kalkuleta

Hapa Nshambya tunaye jamaa mmoja ambaye kijiweni tumembatiza jina la Mzee wa Bajeti. Mzee wapi, ana miaka 34 tu! Kazi yake ni fundi redio, starehe yake ni kusoma mbao za matangazo. Wewe ukipita ofisini unatafuta orodha ya walioitwa kazini, yeye anaganda kwenye karatasi ya mapato na matumizi na kalkuleta mkononi, mpaka wapita njia wanadhani ni mkaguzi.

Basi kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 akatangaza kwamba anautaka udiwani. Hoja yake ilikuwa moja tu, matumizi ya ovyo. "Mfereji wa serikali ukiziba," alikuwa akitutania, "kwanza panakuwa na kikao cha mfereji, halafu semina ya mfereji, halafu safari ya kwenda kuona mfereji wa wenzetu. Posho zikiisha, mfereji bado umeziba." Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia.

Mmoja akamuuliza, chama gani? Akasema hana. Kijiwe kikanywea, maana Tanzania huwezi kugombea bila kudhaminiwa na chama, iwe udiwani, ubunge au urais.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, sisi vijana wa leo hatujazaliwa. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba na kufunga mlango! Hata Mwalimu Nyerere aliona katazo hilo si haki na akalisema hadharani. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda Juni 2013. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, sheria ikiwa palepale, na uchaguzi wa 2025 nao umeikuta palepale.

Sasa kadi inahusianaje na posho? Inahusiana sana. Mbunge akihama au akifukuzwa chama, kiti kinakwenda. Mzee wa Bajeti anauliza, utamkabaje mtu kuhusu shangingi wakati mwenzake ndiye aliyeshika kiti chako? Hapo mimi sina jibu.

Lakini jibu la kijiwe lilikuwepo. Mzee mmoja mstaafu, ambaye huwa hazungumzi mpaka amalize kutafuna kahawa yake, akamwambia, "Mwanangu, na Magufuli je?" Kweli, mwaka 2015 Magufuli alikuwa na kadi, tena ya chama tawala, na ndiye aliyefuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba, fedha zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco kule Dar. Fedha za hafla ya wabunge zikanunua vitanda vya Muhimbili. Mzee wa Bajeti akasema huyo alikuwa rais, alishika funguo mwenyewe. Yeye anamtaka mtu wa chini anayeweza kumuuliza mwenye funguo.

Mimi nikamtajia Uganda. Kutoka hapa Bukoba kwenda Mutukula si safari ya kufungashiwa chakula, na ng'ambo ya mpaka wagombea binafsi wanaruhusiwa. Baada ya uchaguzi wa 2021 waliingia bungeni zaidi ya 70. Mwaka huohuo kila mbunge kule akatengewa shilingi milioni 200 za Uganda za kununulia gari. Asiye na chama naye ana tumbo, waitu! Wengi wao ni watu walioshindwa kura za maoni za vyama vyao, wakanuna, wakachukua fomu zao wenyewe.

Kwa hiyo mlango ufunguliwe, mimi nipo upande wa Mtikila. Ila siku ukifunguliwa, Mzee wa Bajeti asitegemee kura yangu kwa sababu tu hana kadi. Nitamwomba aandike, asaini na abandike ubaoni posho zipi atazikataa yeye mwenyewe, kabla hajagusa za wengine.

Vyama viwili vilimfuata nyumbani na kadi. Mkewe akamsihi achukue moja, yoyote, maana diwani ana posho na wao wana watoto watatu. Akakataa zote. Uchaguzi ukapita, yeye akiwa bandani kwake na bisibisi.

Siku hizi anahudhuria mikutano ya mtaa tu. Pale huhitaji kadi kuuliza swali, na taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa isomwe kila miezi mitatu. Nimemwambia ikifika 2030 na sheria haijabadilika, achukue kadi agombee. Hataki kusikia. Anasema atasubiri. Mkewe naye anasema redio za watu zilizorundikana mle bandani nazo zinasubiri.